Vita vya Baharini Juu ya Sakafu ya Darasa

Wasikilizaji, mtu wa Masanze akisikia ya kwamba mazungumzo haya ni ya manowari, hapana shaka atauliza: "Sisi watu wa Kilosa na manowari, wapi na wapi? Mto wetu ni Mkondoa, nao haupiti jahazi, seuze manowari." Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika reli. Mwaka 1914 magari ya moshi yalipita Kilosa yamebeba masanduku yaliyotoka Ulaya, jumla yake 5,000 hivi, na ndani yake ilikuwamo meli nzima, vipande vipande, ikipelekwa Kigoma. Mwaka uliofuata ukapita mzinga uliotolewa katika manowari iliyokufa kati ya mikoko ya Rufiji, nao ukaenda kufungwa juu ya meli ile ile. Waliosimama kando ya njia siku hizo waliviona vita vya baharini vikipita juu ya nchi kavu.

Nia yangu ni kueleza jinsi mtu awezavyo kutunga kisa cha vita vya baharini ambavyo havikutokea, lakini ambavyo yamkini vingetokea, ili wanafunzi wavicheze darasani na wakubwa wavizungumze barazani. Wako watakaosema kuwa kubuni vita ni upuzi wa watu wasio na kazi. Lakini maofisa wa majini wa mataifa makubwa wamefundishwa hivyo tangu zamani, na mmoja wa walioanza kazi hiyo hakuwa baharia hata kidogo. John Clerk wa Eldin, mtu wa Scotland, alikuwa mwenye mashimo ya makaa ya mawe karibu na Edinburgh. Akachonga vijimerikebu vya mti, akavipanga juu ya meza, akavisogeza huku na huku akifikiri juu ya upepo na mizinga, hata mwaka 1782 akapiga chapa kitabu juu ya namna ya kupigana baharini, na manahodha wakakisoma. Basi mtu wa bara asikate tamaa.

Baada yake wakaja wengine. Mwaka 1898 Mwingereza Fred T. Jane alitoa kanuni za mchezo wake, ambao mchezaji hupiga picha ya manowari ya adui kwa kijifimbo chenye pini, na mahali pini ilipotoboa ndipo risasi ilipoingia. Katika Marekani chuo cha maofisa wa majini kilianzishwa Newport mwaka 1884, na huko vita na Japani vilichezwa mara nyingi miaka mingi kabla havijatokea. Vita vilipokwisha, Amiri Nimitz aliandika ya kwamba karibu mambo yote yalikwisha kuonekana katika vyumba vile vya michezo, isipokuwa marubani wa ndege waliojitupa pamoja na ndege zao juu ya meli za adui.

Sote tunaujua mchezo wa bao. Katika bao hakuna siri: kete zangu unaziona, na zako naziona, na mwenye akili zaidi hushinda. Vita vya baharini si hivyo. Humo mchezaji ni kama mtu anayecheza bao usiku bila taa, hajui mwenzake ana kete ngapi wala zi katika shimo gani, na pengine hajui kama mwenzake yupo. Kwa hiyo kisa kizuri huanza na mambo ambayo kila upande unayajua, na ambayo haujui. Hesabu ya mizinga huja nyuma kabisa. Mambo hayo huandikwa katika karatasi mbili, nayo hukaa mikononi mwa mtu wa tatu, ndiye mwamuzi.

Sasa tutwae mfano wa pwani yetu wenyewe. Manowari ya Wadachi iliyoitwa Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, ilikuwa katika Dar es Salaam katikati ya mwaka 1914, ikatoka siku chache kabla ya vita kutangazwa. Tarehe 6 Agosti ikaikamata meli ya Waingereza, City of Winchester, karibu na pwani ya Oman, ikatwaa makaa yake, nayo hayakuwa makaa mazuri. Huko nyuma Waingereza walikuwa wakinunua makaa katika bandari za Wareno ili Wadachi wasiyapate. Tarehe 3 Septemba Königsberg ikajificha katika matawi ya mto Rufiji, mahali ambapo ramani za Waingereza hazikuonyesha kuwa chombo kikubwa namna ile chaweza kuingia.

Tarehe 19 Septemba ikatoka, na alfajiri ya tarehe 20 ikaikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Unguja, imetia nanga, mitambo yake ikitengenezwa. Mizinga ya Wadachi ilirusha mbali kuliko ile ya Pegasus, na kwa muda mfupi kazi ikaisha. Mabaharia zaidi ya 30 wakafa. Watu wa Unguja waliona yote kutoka madirishani. Kisha Königsberg ikarudi Rufiji, maana mtambo wake mwenyewe ulikuwa umeharibika. Haikutoka tena. Manowari Chatham ikaiona tarehe 30 Oktoba 1914. Tarehe 10 Novemba Waingereza wakazamisha meli nzee mlangoni ili kuziba njia. Mwezi wa Julai 1915 wakaleta manowari mbili fupi za maji machache, Severn na Mersey, na ndege kutoka kisiwa cha Mafia za kutazama risasi ziangukapo. Tarehe 11 Julai 1915 ikafa pale pale matopeni.

Hiyo ndiyo tarehe. Sasa mtungaji wa kisa huuliza: ni wapi katika habari hii ambapo jambo dogo lingegeuka, na mambo makubwa yakageuka nyuma yake?

Wengi hukosa hapa. Mwanafunzi mwenye moyo wa moto atasema, "Tuseme Wadachi walikuwa na Königsberg tano." Hakuwa nazo, wala Ulaya isingempelekea. Mwingine atasema, "Tuseme alikuwa na makaa yasiyokwisha." Meli yenye makaa yasiyokwisha ni jini, si meli. Kanuni yangu ni hii: geuza jambo moja tu, tena liwe jambo lililokuwa katika uwezo wa watu wa siku zile, kisha uache mengine yote yalivyokuwa. Ukigeuza mawili, hutajua lipi limeleta ushindi. Ukigeuza matano umetunga hekaya, nazo hekaya tunazo za kutosha.

Jambo ninalogeuza mimi ni la mtambo. Baada ya kupigana Unguja, vyombo vilivyoharibika vilifunguliwa, vikapelekwa kwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam, safari ya maili 100 hivi, vikatengenezwa, vikarudishwa vivyo hivyo. Tuseme kazi hiyo ilikwisha mapema, na tarehe 20 Oktoba Königsberg iko tayari. Kwa nini tarehe 20? Hapa mtu wa pwani atanielewa kabla sijamaliza.

Mdomo wa Simba Uranga na midomo mingine ya Rufiji ina fungu za mchanga na tope. Chombo kizito hungoja maji yajae, na chombo kizito sana hungoja bamvua. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katikati ni maji mafu, ambayo hayapandi sana. Nimehesabu miezi ya mwaka ule. Tarehe 21 Agosti 1914 jua lilipatwa, na jua halipatwi ila mwezi unapoandama, basi kutoka hapo hesabu ni rahisi kwa mwanafunzi yeyote, maana kila mwandamo huja baada ya siku 29 na nusu. Mwezi mpevu uliangukia tarehe 4 Septemba: Königsberg iliingia Rufiji siku moja kabla. Mwandamo ukaangukia tarehe 19 Septemba: siku hiyo hiyo ilitoka kwenda Unguja, yaani bamvua na giza vilimsaidia pamoja. Nahodha yule hakutupa kura. Alisoma mwezi kama msomavyo nyinyi kwa ajili ya mfungo na sikukuu.

Basi mwandamo wa Oktoba ulikuwa tarehe 19. Katika mchezo wangu naweka kanuni ya kwamba manowari haitoki Rufiji ila katika siku tatu za kila upande wa bamvua. Mchezaji wa Kidachi akichelewa kupita tarehe 22, maji mafu yanamfungia mpaka mwisho wa mwezi, na tarehe 30 Chatham inabisha hodi. Kalenda ya mwezi peke yake imekwisha kumtia katika shida ambayo mtungaji hakuibuni.

Shida ya pili ni makaa. Ghala zake zikijaa, Königsberg iliweza kwenda maili za baharini 5,700 hivi kwa mwendo wa 12 kwa saa. Mwendo wa 12 kwa saa ni maili 288 kwa siku moja usiku na mchana. Gawanyeni wenyewe: ni siku 20, na kidogo hupungua. Lakini hazikujaa. Mimi namjazia nusu, basi siku 10. Tena akikimbia kwa nguvu zote, maili 24 kwa saa, makaa hayaliwi mara mbili. Huliwa mara nyingi zaidi, kama mtu anayepiga mbio ajazavyo pumzi. Na makaa mabaya hutoa moshi mwingi, na moshi baharini huonekana kabla ya mlingoti.

Huku nyuma, tarehe 16 Oktoba, meli za Waingereza zilitoka Bombay na askari 8,000 hivi wa jeshi la Bara Hindi, chini ya Jenerali Aitken, kwenda kuitwaa Tanga. Zilifika mbele ya Tanga tarehe 2 Novemba. Hapo nje manowari iliyokuwa mbele yao ilikuwa Fox, chombo cha mwaka 1893. Msomaji ameshaona nilikuwa naelekea wapi. Königsberg haikuweza kupigana na Chatham, yenye mizinga mikubwa zaidi na mwendo zaidi. Lakini kati ya meli za askari, na Fox peke yake, ingekuwa chui kati ya mbuzi.

Je, kisa kimekamilika? Bado. Kuna siku 13 kati ya tarehe 20 Oktoba na tarehe 2 Novemba, na makaa ni ya siku 10. Mchezaji wa Kidachi lazima atafute mahali pa kungoja na moto umepunguzwa, au akutane na meli ya makaa, au akamate nyingine kama alivyoikamata City of Winchester. Na kila moja la mambo hayo lina hatari ya kuonekana. Tena ni nani amwambie kuwa jeshi linakuja Tanga? Mnara wa simu isiyo na waya wa Dar es Salaam ulikuwa umeangushwa tangu Agosti. Habari za jeshi zilikuwa zimevuja pwani nzima, hata Von Lettow-Vorbeck alizitazamia, lakini kujua ya kuwa mgeni atakuja si kujua siku wala mlango atakaoingilia. Katika karatasi yake naandika hivi tu: "Jeshi kubwa linatazamiwa kutoka Bara Hindi kabla ya mwisho wa mvua za vuli. Huenda likashuka Tanga, au Dar es Salaam, au lisishuke."

Karatasi ya Mwingereza ina sumu yake pia. Tarehe 19 Oktoba, katika Lindi, mabaharia wa Chatham waliona ndani ya meli Präsident maandiko yaliyoonyesha kwamba makaa yamepelekwa Rufiji. Hiyo ni kweli ya tarehe. Basi katika mchezo Chatham inafika Rufiji tarehe 30 kama ilivyofika, lakini inakuta maji matupu na magogo ya mikoko. Mwamuzi humpa mchezaji wa Kiingereza kijikaratasi: "Rufiji hamna kitu." Meli za askari zi karibu na Mombasa. Je, azisimamishe? Akizisimamisha siku nne, askari wanaougua safari ndefu wataugua zaidi, na Wadachi watapata siku nne za kuleta watu kwa reli kutoka Moshi. Akiendelea, huenda anawapeleka watu 8,000 kinywani mwa mizinga. Nimewahi kuona watu wazima, wenye elimu, wakikaa kimya kitambo kirefu juu ya kijikaratasi hicho.

Ushindi tuupimeje? Si kwa idadi ya meli zilizozama. Kweli ya Tanga ni kwamba siku moja tu ya kukawia ilitosha kuharibu mambo. Nahodha wa Fox aliingia kuwaarifu wakuu wa mji kuwa amani ya bandari imekwisha, akauliza juu ya mabomu ya kutegwa baharini, ambayo hayakuwamo, na muda ukapotea. Gari la moshi likaleta askari. Katika mchezo wangu Mdachi hushinda akikawiza kushuka kwa siku tatu, hata asipopiga risasi moja.

Na hapa nisimame kidogo juu ya Tanga, kwa kuwa ndipo inapoonekana hatari ya kisa kibaya. Kila jemadari anayepanga shambulio ametunga kisa moyoni mwake. Wakubwa wa safari ile walitunga kisa ambacho ndani yake askari Waafrika wa Wadachi hawakuhesabiwa kuwa kitu. Watakimbia wakiona bunduki nyingi. Hawakukimbia. Walikuwa 1,000 hivi, nao wakawarudisha baharini watu mara nane yao, na Waingereza wakapoteza watu zaidi ya 800, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Nyuki wa msituni wakaingia katika vita, wakawauma wote bila kubagua. Mtu akibuni nyuki katika kisa tutamcheka, nasi tutakuwa na haki. Lakini askari wale hawakuwa nyuki. Walikuwapo katika kila hesabu, wameandikwa, wameonekana wakipiga gwaride. Dharau iliwaondoa katika karatasi, na makaburi yakawarudisha.

Dharau ya namna hiyo hutokea hata mezani. Mwezi wa Mei 1942 maofisa wa Japani walicheza, ndani ya manowari Yamato, vita walivyokusudia kuvipigana Midway. Kete zikatupwa, zikasema manowari mbili za kubebea ndege zimezama. Ugaki, mkuu wa maofisa wa Amiri Yamamoto, aliyekuwa akisimamia, akasema mapigo yalikuwa 3, si 9. Moja ikaelea tena pale pale, na ile nyingine ikafufuliwa baadaye katika mchezo wenyewe. Tarehe 4 Juni 1942 manowari zao nne za kubebea ndege zilipigwa, zote zikaangamia, na huko hapakuwa na mwamuzi wa kuzifufua. Mwamuzi ni lazima awe mtu asiyeogopa mkubwa. Darasani nisingemchagua mwalimu mkuu.

Sasa nirudi kwenye mtambo, maana nilisema nageuza jambo moja, nikaliacha lipite kama jambo jepesi. "Kazi ilikwisha mapema." Kwa mikono ya nani? Vyombo vya mtambo havikutembea vyenyewe maili zile 100. Vilikokotwa na watu. Wakikokotwa upesi zaidi, wanatakiwa watu wengi zaidi. Na mwezi wa Oktoba ndio wakati wa kufyeka na kuchoma mashamba kabla ya vuli. Basi katika kisa changu kuna karatasi ya tatu, ambayo sijaiona katika michezo mingi ya Ulaya. Mchezaji wa tatu ni jumbe wa vijiji vya njiani. Mdachi akitaka vyombo vyake vifike mapema, sharti aombe watu kwake, na jumbe anajua ni mashamba mangapi yatabaki magugu, na ni vijana wangapi watakimbilia msituni wakisikia ngoma ya kuitwa. Akikataa, anajua pia atakachofanywa. Siku anazopata Mdachi huhesabiwa kwa watu anaopewa. Ukimwondoa mchezaji huyu manowari haiondoki Rufiji, na kisa chote kinaanguka.

Hili si jambo la kubuni hata kidogo. Königsberg ilipokufa, mizinga yake 10 ilitolewa majini ikavutwa mpaka Dar es Salaam, ikafanyiwa magurudumu, ikatawanywa nchini kupigana bara. Mmoja ndio ule uliopita Kilosa kwenda Kigoma. Na mwezi wa Agosti 1916 vita vyenyewe vikafika Kilosa. Waingereza wakaingia mji tarehe 22, na watu wa nchi hii wakabebeshwa mizigo ya upande mmoja, kisha ya upande wa pili. Hesabu za Waingereza wenyewe ziliwataja wapagazi wao waliokufa katika vita vile kuwa zaidi ya 40,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Ukiiona picha ya mzinga wa Königsberg, au ukiuona wenyewe katika Ngome ya Yesu huko Mombasa, tazama uzito wake, kisha fikiri kilima kimoja unachokijua.

Wale wa Masanze wanaopenda kisa kilicho karibu zaidi na reli yao watwae Ziwa Tanganyika. Meli ile ya masanduku iliitwa Graf von Götzen. Ilitengenezwa Papenburg, ikaunganishwa Kigoma, ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915, chombo cha mita 71. Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Rasi kupitia Kongo, zikivutwa juu ya milima. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaikamata Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Lakini Götzen hawakuigusa, kwa kuwa ilikuwa kubwa na ina mzinga wa Königsberg. Kisha mzinga ule ukaondolewa kwenda kupigana bara, na mahali pake pakawekwa mzinga wa mti. Mchezaji mmoja anajua, mwenzake hajui: kisa chote kinakaa juu ya gogo lililopakwa rangi. Wadachi waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916, mitambo imepakwa mafuta. Ikatolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaitwa Liemba.

Vyombo vya kuchezea si vya thamani. Katika vita vya pili, mwaka 1942, Kapteni Gilbert Roberts alifungua chumba Liverpool cha kufundisha maofisa kupigana na meli za chini ya maji. Alikuwa na chaki, sakafu kubwa na wasichana wa jeshi la majini waliosogeza vyombo. Maofisa waliwekwa nyuma ya mapazia yenye tundu, wasione ila kile ambacho wangekiona baharini. Darasa la udongo latosha. Chora pwani kwa chaki au kwa majivu, toka Lindi mpaka Mombasa. Punje ya mahindi ni Königsberg, maharagwe ni manowari za Waingereza, mbegu za mkwaju ni meli za askari. Hatua moja ya mguu iwe maili 50. Kamba yenye mafundo ipime mwendo wa siku. Mkeka uliosimamishwa ni pazia la kutosha. Jumbe apewe mbegu za mtama mkononi, kila moja ni watu 20, na asilazimishwe kusema anazo ngapi.

Kisha mwamuzi aandike ubaoni tarehe ya leo ya mchezo: 20 Oktoba 1914, saa kumi alasiri, maji yanajaa, usiku huu hauna mwezi. Awape wachezaji karatasi zao, kila mmoja yake, zimekunjwa, na mtoto mmoja asimame mlangoni asiruhusu watazamaji kunong'ona.